Istanbul kwa wikendi moja, daraja la biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyajibu kazini, harusini, na kwenye makundi ya simu mpaka nikaona heri niyaandike. Naishi Dar es Salaam na mfano wangu ni Dar kwenda Istanbul, lakini wa Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Entebbe watajikuta humu bila shida. Ukitaka neno langu moja mapema, ni hili: kwenye safari hii unanunua usingizi. Mengine yote ya daraja la biashara ni nyongeza.

## Mambo ya mwanzo

Kweli naweza kuondoka Ijumaa usiku, nikatembea Istanbul, na Jumatatu asubuhi nikawa kazini?

Ndiyo. Ndege ya Istanbul kwa kawaida hutua kwetu usiku wa manane, inashusha, inapakia na kurudi kabla hakujapambazuka. Safari ni kama saa 7 kutoka Dar, pungufu kidogo kutoka Nairobi. Kwa hiyo unafika Jumamosi kabla ya adhuhuri, unalala usiku mmoja hotelini, Jumapili jioni unapanda tena, na unatua nyumbani usiku wa kuamkia Jumatatu. Ratiba hubadilika kwa msimu, hivyo kabla ya kulipa hakikisha ndege ya kurudi ya Jumapili ipo na inatua saa unayoweza kuimudu.

Ndani ya mji wenyewe utapata takriban saa 26. Zinatosha kama umelala njiani. Kama hukulala, Jumamosi yote utaipitisha macho mazito, unapiga picha majengo ambayo kesho yake hukumbuki ulivyojisikia ulipoyaona.

Kwa nini Istanbul? Kwa nini si London au New York?

Kwa sababu ya saa. Tangu mwaka 2016 Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi, ikabaki na saa moja mwaka mzima, na saa hiyo ni sawasawa na yetu. Ukitua huna haja ya kugusa saa ya mkononi. Unasikia njaa wakati wao wanakula, na usingizi unakuja wakati wao wanazima taa. Jambo pekee litakalokushangaza ni Desemba, jua linapochomoza saa 2 na nusu asubuhi hivi. Ukiamka saa 1 utadhani saa imeharibika.

London iko nyuma yetu kwa saa 2 au 3 kutegemea majira. Inavumilika. Guangzhou iko mbele kwa saa 5. New York iko nyuma kwa saa 7 au 8, na hata ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018 kutoka Nairobi huchukua takriban saa 15 kwenda. Mwili huzoea kama saa moja kwa siku. Wikendi ya New York ina maana unarudi nyumbani kabla mwili haujafika. Hakuna kitanda cha ndege kinachotibu hilo, hata kiwe cha bei gani. Kwa safari fupi chagua mji ulio kaskazini au kusini mwako, uiache mashariki na magharibi kwa likizo ndefu.

Daraja la biashara ni nini hasa? Ni sawa na daraja la kwanza?

Si sawa. Daraja la kwanza liko juu yake, na mashirika mengi yanayokuja kwetu hayana kabisa. Daraja la biashara lina kiti kikubwa, ambacho kwenye ndege kubwa hulala kabisa kama kitanda, foleni yake ya kukabidhi mizigo, chumba cha kupumzikia uwanjani ambacho wengi huita launji, kilo zaidi za mizigo, na chakula kwenye sahani ya kauri. Kwa wikendi, cha kwanza ndicho cha maana, na nacho kina mtego (tazama «Kila kiti cha daraja la biashara hulala?»).

Nahitaji viza?

Hapa usimsikilize jirani. Masharti hutofautiana kwa pasipoti, na raia wawili wanaokaa nyumba moja wanaweza kuwa na majibu mawili. Uturuki ina tovuti rasmi ya serikali ya viza ya kielektroniki. Unachagua nchi iliyotoa pasipoti yako, inakuonyesha kama unastahili na kwa masharti gani. Kwa nchi nyingi za Afrika, viza hiyo hutolewa kwa mtu ambaye tayari ana viza hai au kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland. Asiye nayo hupitia ubalozini, na hilo linahitaji wiki kadhaa kabla. Anza na viza, ndipo ununue tiketi. Jihadhari pia na tovuti za mawakala zinazofanana na ile ya serikali na kutoza mara kadhaa zaidi.

Si israfu, jamani? Siku mbili tu?

Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu wanaoniuliza mara nyingi ni watu wanaonipenda. Kama fedha ni ya mkopo, au ni ada ya mtoto iliyoazimwa kwa muda, ni israfu na sitakushauri uende. Kama ni akiba yako na huna siku za likizo za kutosha, basi hesabu inabadilika. Wengi wetu ajira inatupa siku 28 kwa mwaka, na zinaliwa na misiba, harusi, shule na kwenda kijijini. Safari isiyokula hata siku moja ya likizo ina thamani yake.

Liko pia suala la hewa. Kiti cha daraja la biashara kinachukua nafasi ya karibu viti vitatu vya kawaida, na mzigo wake wa hewa chafu huhesabiwa kwa uwiano huohuo, takriban mara 3. Mimi nimejiwekea safari moja kwa mwaka, sizidishi.

## Tiketi na bei

Bei inakuwaje ukilinganisha na daraja la kawaida?

Mara nyingi ni mara 2 hadi 4 ya tiketi ya kawaida kwa tarehe ileile. Usiangalie bei nzima. Chukua tofauti kati ya tiketi mbili, igawe kwa saa ambazo kweli utalala kwenye ndege, kwenda na kurudi. Ukipata kiasi cha kila saa, jiulize kama ungekitoa mfukoni saa 10 alfajiri ukiwa umechoka. Kwangu jibu huwa ndiyo kwa safari ya kwenda, na «labda» kwa safari ya kurudi.

Tiketi nafuu nyingi za daraja hili zina sharti kwamba ulale usiku wa Jumamosi huko uendako. Mashirika yaliliweka ili mtu wa biashara, anayetaka kurudi kwake Ijumaa, alipe zaidi. Wewe wa wikendi unalitimiza bila kukusudia, kwa hiyo kila unapotafuta hakikisha usiku wa Jumamosi umo ndani. Kuondoka Jumapili na kurudi Jumanne kunaweza kuwa ghali zaidi ingawa ni siku zilezile mbili.

Nina uwezo wa upande mmoja tu. Nichague kwenda au kurudi?

Kwenda. Unatoka kazini Ijumaa, hujalala, ndege inaondoka usiku mkubwa, na ukishuka siku inakusubiri. Usiku huo ukipotea, nusu ya wikendi imekwenda nao. Safari ya kurudi huanza jioni, na ukitua unaweza kumalizia usingizi kitandani kwako.

Maili zinafaa kwa safari kama hii?

Maili ni pointi ambazo shirika hukupa kila unaporuka nalo. Zinafaa sana, kwa sababu tiketi ya maili huuzwa upande mmoja mmoja. Unaweza kulipa fedha taslimu kwa daraja la kawaida la kurudi na maili kwa kitanda cha kwenda. Turkish Airlines na Ethiopian Airlines wote wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, hivyo mwenye maili za Ethiopian anaweza kuzitumia kwenye ndege ya Turkish pale nafasi zinapotolewa. Nafasi hizo ni chache, na kwa siku za Ijumaa na Jumamosi ni chache zaidi. Angalia mapema, kisha angalia tena siku za mwisho, kwani mashirika hufungua viti ambavyo havijauzwa.

Kuna pia mnada. Unanunua tiketi ya kawaida, siku chache kabla shirika linakuuliza utaongeza kiasi gani upandishwe daraja. Weka kiasi ulichokipata kwenye hesabu ya swali la bei, usipite hapo.

Naweza kuacha kutumia kipande cha kwanza cha tiketi nikaitumia ya kurudi tu?

Hapana. Usipopanda safari ya kwanza, mfumo hufuta zilizobaki, na utaligundua hilo ukiwa kwenye dirisha la Istanbul na begi mkononi.

## Kiti na kitanda

Kila kiti cha daraja la biashara hulala?

La. Hapa ndipo watu wanapoumia, na mimi niliwahi kuumia. Mwaka mmoja nililipa tiketi ya daraja la biashara kwa shirika ambalo sitalitaja. Kuingia ndani nikakuta ndege nyembamba yenye ujia mmoja. Kiti kilikuwa kipana, ngozi nzuri, kinaegemea nyuma kama kiti cha kinyozi, basi. Nililala nimekaa, shingo ikanikumbusha mpaka Jumatatu. Hawakunidanganya, kwani tiketi haikuahidi kitanda. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwenye njia zetu hupita ndege kubwa zenye njia mbili za kupita, kama Airbus A330, na nyembamba za familia ya Boeing 737. Zote zinauza «biashara». Kabla ya kulipa, tazama aina ya ndege kwenye ratiba, kisha fungua ramani ya viti. Ukiona viti viwili, ujia, viti viwili, ndege ni nyembamba, na usihesabu kitanda. Ukiona viwili, viwili, viwili, au kimoja, viwili, kimoja, hiyo ni ndege kubwa. Soma maelezo ya kiti uone kama kinalala sawasawa hadi mwisho. Neno la kutafuta ni nyuzi 180. Kiti kinacholala kwa mteremko kitakufanya uteleze kuelekea miguuni usiku kucha.

Angalia pia kama safari ina kituo. Baadhi ya ratiba za ukanda wetu huunganisha miji miwili, kwa mfano Kilimanjaro na Zanzibar. Kutua na kuruka tena baada ya nusu saa kunakata usingizi vipande viwili, na taa zinawashwa katikati.

Nikae dirishani au kwenye ujia?

Kwenye mpangilio wa viwili-viwili-viwili, anayesafiri peke yake akae katikati. Kila kiti cha jozi ya katikati kina ujia wake, hivyo humruki mtu wala hurukwi. Wa dirishani akitaka kwenda msalani saa 11 alfajiri lazima amvuke jirani aliyelala, na mtu mwenye haya ataumia kimyakimya mpaka kutua. Wawili wanaojuana wachukue dirishani.

Kitanda chenyewe kikoje?

Mhudumu huleta godoro jembamba, shuka, mto na blanketi nzito kidogo. Unabonyeza kitufe, kiti kinajinyoosha polepole, sehemu ya miguu inaingia kwenye upenyo chini ya kiti cha mbele. Mtu mrefu aangalie upenyo huo, maana vidole hugusa. Nakumbuka mara ya kwanza: nililala chali, nikasikia mngurumo wa injini umekuwa mzito na wa mbali kama mvua kwenye bati la jirani, na kilichofuata ni harufu ya mkate na mwanga wa rangi ya chungwa ukingoni mwa dirisha. Tulikuwa tumeshavuka Bahari ya Mediterania, na sikujua tumeipita lini.

## Usiku wa safari

Tiketi inasema Jumamosi 03:50. Niende uwanjani lini?

Ijumaa usiku! Kati ya maswali yote hili ndilo lililowakosesha watu ndege. 03:50 ni saa 9 na dakika 50 usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukisema «naondoka Jumamosi usiku» utafika uwanjani na kuambiwa ndege imeondoka jana yake. Kuna na anayesoma 03:50 akadhani ni saa 3 na dakika 50 kwa saa zetu, akaja asubuhi amevaa vizuri. Andika kwenye simu kwa Kiswahili kamili: Ijumaa usiku, saa 6, toka nyumbani.

Nifike saa ngapi kabla ya ndege?

Foleni ya daraja la biashara ni fupi, hivyo saa 2 na nusu kabla zinatosha kama una begi la mkononi tu. Ukaguzi wa mlangoni na uhamiaji ni wa watu wote, wala tiketi yako haiupunguzi. Usiku barabara ya Nyerere haina msongamano, lakini panga na dereva mapema. Saa 6 usiku si wakati wa kuanza kutafuta gari.

Nile au nilale?

Kula chini, lala juu. Toa saa moja ya kupaa na utulivu wa mwanzo, toa nyingine ya kujiandaa kutua, unabaki na saa 5. Ukikaa kusubiri chakula chote, kuanzia vitafunio mpaka tamu, zinabaki 3 na nusu. Kwa hiyo kula nyumbani au kwenye launji, na ukikaa tu kwenye kiti mwambie mhudumu: naomba nisiamshwe mpaka kifungua kinywa. Wanalizoea ombi hilo na hawakasiriki.

Najua linauma, kwa sababu chakula cha Turkish Airlines ni kizuri kweli. Safari zake ndefu mara nyingi huwa na mpishi mwenye kofia nyeupe anayepita kuchukua oda, na gizani huwekewa taa ndogo ya umbo la mshumaa mezani. Furahia hayo safari ya kurudi, ambayo huanza jioni wakati wa kula.

Chakula ni halali? Na kuna pombe?

Shirika hilo haliandai nyama ya nguruwe. Pombe ipo kwa anayeitaka. Hata kwa anayetumia, namshauri aiache usiku huo: hewa ya ndani ya ndege ni kavu, na pombe huvunja usingizi katikati. Maji, glasi moja kila unapoamka.

Nichukue nini?

Begi moja la mkononi. Kukabidhi sanduku kunakugharimu dakika 30 au 40 za kulisubiri, kati ya saa zako 26. Panda ukiwa na nguo laini za kulalia, kanzu au dera nyepesi vinafaa kuliko suruali ya jinzi. Kati ya Desemba na Machi beba koti zito mkononi, si ndani ya begi. Istanbul huanguka theluji, na upepo wa Bosphorus, mlango-bahari unaoukata mji kati ya Ulaya na Asia, unapenya mpaka mifupani kwa mtu wa pwani yetu.

## Ukiwa mjini

Uwanja uko mbali? Naingiaje mjini?

Uwanja mkubwa uko upande wa Ulaya karibu na Bahari Nyeusi, kama kilomita 40 kutoka katikati ya mji. Ulifunguliwa Oktoba 2018, na safari za abiria za uwanja wa zamani wa Atatürk zilihamia huko Aprili 2019. Kuna treni ya chini ya ardhi, laini M11, mpaka Gayrettepe, kwa nusu saa hivi; hapo unadaka M2 ya Taksim au Vezneciler. Kuna mabasi ya Havaist. Teksi ni rahisi, ila Jumamosi mchana msongamano wa Istanbul ni kama wa Dar Ijumaa jioni mvua ikinyesha. Mimi napanda treni. Nunua kadi ya Istanbulkart palepale, itakubeba kwenye treni, tramu na feri.

Hoteli hufungua chumba saa 8 mchana. Mimi nafika mapema.

Waandikie siku mbili kabla uombe kuingia mapema. Wakikataa, acha begi mapokezi, uoge jioni. Umelala kitandani usiku, hivyo huhitaji chumba haraka, na hilo nalo ni sehemu ya fedha uliyolipa.

Nianze na nini?

Soko la Kapalıçarşı, Jumamosi hiyohiyo, kwa sababu Jumapili hufungwa. Wageni wengi wa wikendi hulikosa, wanakuta milango mikubwa imefungwa. Toka hapo kwa miguu mpaka Sultanahmet. Msikiti wa Sultan Ahmet, uliojengwa kati ya 1609 na 1616, wenye minara sita, huwafungia watalii nyakati za sala. Mwislamu aingie kusali na jamaa, hapo ndipo utauona msikiti ulivyo.

Jumapili asubuhi nenda mapema Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, kisha makumbusho. Imekuwa msikiti tena tangu Julai 2020, na tangu mwanzoni mwa 2024 watalii wa kigeni huingia ghorofa ya juu kwa tiketi ya euro 25, wakati ukumbi wa chini ni wa wanaosali. Jumba la Topkapı liko jirani na Jumapili hufunguliwa. Siku yake ya kufungwa ni Jumanne.

Lakini kama una nafasi ya jambo moja tu, panda feri ya Eminönü kwenda Kadıköy. Ni dakika 20 hivi, nauli ya kadi ileile. Kabla ya kupanda nunua simit, mkate wa duara wenye ufuta, kwa yule mwenye kigari chekundu. Ndani ya feri kuna anayepita na sinia la chai kwenye glasi ndogo zilizobanwa kiunoni, bila kisikio. Ishike kwa vidole viwili ukingoni, la sivyo utaungua. Shakwe huifuata feri, watu wanawarushia vipande vya simit, nao wanavidaka hewani. Umetoka Ulaya, unaenda Asia, chai haijapoa. Nimekaa upande wa kulia wa feri hiyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara nimeona nilikuja kwa ajili yake.

Naweza kununua mzigo wa duka wikendi?

Kidogo. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Laleli, ambako nguo huuzwa kwa seri, yaani pakiti yenye saizi tofauti za nguo moja. Maduka mengi ya jumla hufungwa Jumapili, hivyo una Jumamosi mchana tu. Tiketi ya daraja la biashara mara nyingi inaruhusu vipande 2 vya kilo 32 kila kimoja, na hapo kweli inaweza kujilipia kiasi. Ila mtu anayetaka mzigo wa maana aende katikati ya juma. Na huku nyumbani mzigo wa biashara una ushuru wake, usiupitishe kama zawadi.

## Kurudi

Jumapili niondoke mjini saa ngapi?

Saa 4 kabla ya ndege kuruka. Uwanja ni mkubwa mno, na kutoka ukaguzi hadi lango unaweza kutembea dakika 20. Ukifika mapema hupotezi kitu: launji ya Turkish ina mabafu ya kuogea, na kuna wanaokanda pide na gözleme, mikate ya Kituruki, mbele ya macho yako. Oga hapo, badili nguo. Utatua umetakata, unaenda moja kwa moja kitandani.

Jumatatu nitafanya kazi kweli?

Ukilala kwenye ndege saa 3 na nyumbani saa 3 nyingine, utafanya, ingawa jioni utasinzia mapema. Usipange kikao kikubwa saa 2 asubuhi. Na kama kazi yako ni kuendesha gari, mashine au kutibu watu, chukua Jumatatu likizo. Hapo sina mjadala.

## Hali zisizo za kawaida

Ndege imebadilishwa kutoka kubwa kuwa nyembamba baada ya mimi kulipa. Nifanye nini?

Hutokea. Fungua ramani ya viti upya wiki moja kabla, na tena siku moja kabla. Ukiona mpangilio umebadilika, piga simu kabla ya siku ya safari, uombe kuhamishiwa ndege nyingine au kulipwa tofauti. Ukishapanda, nguvu yako ya kujadili imepungua. Ukishushwa daraja kabisa, tunza pasi ya kupandia yenye namba ya kiti ulichopewa na uandike madai siku hiyohiyo.

Mama yangu ana miaka 74, nataka kumpeleka hivi. Atachoka?

Mpeleke, lakini mpe siku nne badala ya mbili. Agiza kiti cha magurudumu angalau saa 48 kabla, kwa sababu umbali wa kutembea pale Istanbul utamchosha kuliko safari yenyewe. Hata kwenye kitanda anyanyuke atembee kidogo kila baada ya saa 2 au 3, na anywe maji, damu isigande miguuni. Mwenye historia ya moyo au ya kuganda damu aonane na daktari wake kwanza.

Na mtoto mchanga?

Anaruhusiwa. Uliza kitanda kidogo cha ukutani, maana si kila kiti cha daraja hili kina nafasi yake. Kwa ushauri wangu, wikendi si safari ya mchanga. Hutalala, na usingizi ndio ulioulipia.

Natokea Kigali, Bujumbura au Goma. Hesabu ya saa ni ileile?

Ninyi mko nyuma ya Istanbul kwa saa moja. Haisumbui mwili, ila kuwa makini na saa za tiketi siku ya kurudi.

Nikiwa nakwenda Ulaya au Marekani, naweza kukaa wikendi Istanbul njiani?

Hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Turkish Airlines ina mpango wa kuwapa abiria wanaounganisha ndege malazi ya bure ya usiku mmoja au zaidi kutegemea daraja na nchi, na ziara fupi ya mji ya bure kwa wanaosubiri saa kadhaa. Masharti hubadilika na mara nyingi lazima uombe kabla ya safari. Viza bado unaihitaji kutoka nje ya uwanja (tazama «Nahitaji viza?»).

Ndege ya Jumapili imeahirishwa mpaka Jumatatu. Itakuwaje kazini?

Mwambie bosi wako kabla hujaondoka kwamba unasafiri nje ya nchi. Nimeona mtu akificha, ndege ikakwama kwa theluji mwezi Januari, na uongo ukamtesa kuliko baridi. Dai hoteli na chakula kwenye dawati la shirika, pata uthibitisho wa kuahirishwa kwa maandishi, na mwombe abiria aliye mbele yako akushikie foleni uandike ujumbe kwa ofisi papo hapo.